Mpini Mpya

Mvua za kwanza zilipokaribia, jirani yangu hapa kijijini Maposeni aliazima jembe langu. Alilirudisha usiku. Alilisimamisha nyuma ya jiko, akaondoka bila hodi. Asubuhi nilipolishika, mpini ulibaki mkononi na jembe likabaki chini: ulikuwa umepasuka, ukafungwa kamba ya katani, kisha ukapakwa tope ili ufa usionekane.

Wiki mbili tulikutana kanisani, dukani, hata msibani. Tulisalimiana vizuri. Tuliulizana kama mbolea ya ruzuku imefika, na habari ya jembe haikutajwa. Nilimwambia Mungu kwamba nimesamehe, na nadhani nilikuwa nimesamehe kweli. Lakini kila nilipomwona kwa mbali nilijikuta nikiinama kufunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka.

Siku moja alfajiri alibisha hodi. Mkononi alikuwa na mti alioukata na kuuchonga mwenyewe, ameuparua kwa kipande cha chupa hadi ukawa laini. "Mwalimu," alisema, kwa maana hivyo ndivyo makatekista tunavyoitwa huku, "lile jembe nililivunja mimi." Hakuongeza neno. Alichuchumaa, akaupachika mpini, akaukaza kwa kabari, akanipa nijaribu. Mke wangu akaleta uji.

Je, ni lini ulisikia amani ikiingia nyumbani? Mimi niliisikia katika kule kugongagonga kabari.

Nakumbuka asubuhi ile kila ninapofikiria deni kubwa zaidi ambalo nchi hii yetu ya Ungoni inadai. Tarehe 27 Februari 1906, pale Songea mjini, serikali ya kikoloni ya Wajerumani wakati wa vita ya Maji Maji iliwanyonga Nkosi, yaani mfalme, Mputa Gama wa ufalme wa Njelu na manduna wake, yaani majemadari, na kuwazika katika shimo moja. Mwanamke alikuwa mmoja, Nduna Mkomanile. Nduna Songea Mbano alinyongwa baada ya wenzake, na kaburi lake limetengwa. Masimulizi ya wazee yanasema kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Jumla yao tunawahesabu 67. Kisha mashamba na maghala yakachomwa, njaa ikamaliza waliosazwa na risasi. Wanahistoria wengine wanakadiria kwamba vita ya Maji Maji na njaa yake viliua watu kati ya 250,000 na 300,000 kusini mwa Tanzania ya leo.

Baada ya hapo jembe likasimamishwa nyuma ya jiko, kimya, kwa miaka 117.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea. Aliketi na wazao wa Nduna Songea Mbano, akaweka ua kaburini, akaomba radhi kwa niaba ya nchi yake. Aliahidi pia kwamba watajitahidi kulitafuta fuvu la babu yao, ingawa hakuwahakikishia kwamba litapatikana. Nilishukuru. Si jambo jepesi mkuu wa nchi kubwa kusema, mbele ya watu waliofiwa, kwamba nyumba yake ilikosa.

Lakini sisi tuliofundisha watoto katekisimu tunajua kwamba kitubio hakiishii katika kuungama. Yapo malipizi. Aliyeiba kuku hasamehewi huku supu ikiendelea kuchemka jikoni kwake. Sidhani ni ukosefu wa upendo kuiuliza serikali, yoyote ile, baada ya samahani: na mpini uko wapi?

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 21, kuna habari ambayo huwa tunaipita haraka, labda kwa sababu inaumiza. Mfalme Sauli aliwaua Wagibeoni, watu waliokuwa wameapiwa usalama. Alikufa bila kuwajibika. Njaa ikaja miaka mitatu, na Bwana akamwambia Daudi kwamba sababu ni damu ile. Angalia: Daudi hakuua. Alirithi kiti tu. Hata hivyo hakusema mambo hayo ni ya utawala uliopita. Aliwaita walioonewa, akawauliza awafanyie nini.

Ningependa kuishia hapo, kwa sababu swali lile ni zuri. Ila Maandiko hayatufichi: waliomba wana saba wa nyumba ya Sauli, na Daudi akawatoa, wakatundikwa mlimani. Deni la damu lilitaka kulipwa kwa damu nyingine. Ndipo akatokea mama mmoja, Rispa binti Aya, aliyekuwa na wanawe wawili kati ya wale saba. Alitandika gunia juu ya mwamba, akakaa hapo tangu mwanzo wa mavuno hadi mvua iliponyesha, akifukuza ndege mchana na wanyama usiku. Hakumtukana mfalme. Hakuondoka pia. Habari zikafika ikulu, na Daudi akaenda kuikusanya mifupa ya Sauli na Yonathani, pamoja na ya wale waliotundikwa, ikazikwa kwa heshima. Baada ya hayo Mungu akasikia maombi kwa ajili ya nchi.

Mpendwa, umewahi kufikiri kwamba uvumilivu wa mtu mmoja juu ya gunia unaweza kuifundisha serikali kazi yake? Familia ya Mbano imekaa juu ya mwamba wake kwa vizazi. Sina shaka kwamba bila wazao kuuliza na kuuliza tena, hata lile ua lisingewekwa. Na kazi ya kulitafuta fuvu si ndoto: mnamo Septemba 2023 watafiti wa Berlin, waliochunguza mafuvu zaidi ya 1,000 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki, walitangaza kwamba vinasaba vimeonyesha ndugu walio hai wa baadhi ya mafuvu hayo huko Kilimanjaro. Mifupa inaweza kujulikana ni ya nani. Serikali yetu nayo ina sehemu yake: kuzishirikisha familia katika mazungumzo na Berlin, si kuzialika tu siku ya kupiga picha, na kuyatunza makaburi hata miezi ambayo hakuna mgeni.

Hapa lazima niiguse na nyumba yangu mwenyewe, Kanisa. Kabla ya vita, mmisionari mmoja aliichoma nyumba ya mahoka ya Nkosi Mputa, mahali alipowakumbuka wahenga wake. Septemba 1905 misheni ya Peramiho nayo ikachomwa. Na Mputa na wenzake walipongoja kitanzi, Padri Johannes Häfliger aliwabatiza wengi wao. Naamini neema ilikuwapo katika maji yale. Lakini najiuliza walionaje, kupokea ubatizo katika gereza la watu waliofanana rangi na aliyewachomea. Sina jibu, na sitaki kulibuni. Nasema tu kwamba tunapoiombea Ujerumani toba, tusijihesabu kuwa tulikuwa tumekaa pembeni.

Wala Wangoni hatukuwa malaika. Babu zetu walipotoka kusini waliteka watu waliowakuta, na miaka ya 1870 na 1880 walipigana na Wahehe hadi pande zote mbili zikachoka. Leo Mhehe ni mtani wetu. Anaingia msibani kwetu akiwa na mdomo mchafu, anadai faini, anaiga kilio cha wafiwa mpaka mjane anacheka huku machozi yanamtoka. Utani ni njia ya wazee ya kukumbuka vita bila kuirudia: kosa linatajwa hadharani, na anayetajwa anatakiwa atoe kitu. Mkoloni hana utani na sisi. Pengine ndiyo maana kwake inabidi tutumie barua na mikutano.

Nawe, wiki hii, kuna jembe la nani nyuma ya jiko lako? Huenda ni deni dogo, neno ulilomwambia mkwe wako, mpaka wa shamba uliousogeza hatua mbili. Usiende mikono mitupu. Nenda alfajiri, kabla hajatoka kwenda shambani.

Na ukipata nauli ya Songea mjini, mchukue mtoto mmoja wa nyumbani kwako, mwingie Makumbusho ya Maji Maji pale Mahenge. Mwoneshe kaburi la wengi, halafu lile la Nduna Songea lililo peke yake. Akikuuliza kichwa kiko wapi, mwambie bado tunauliza.