Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 11: Ukimya wa mwanafunzi



Ndugu zangu, ule usemi maarufu wa kuitafuta elimu hata China, wanazuoni wa hadithi wanasema haukuthibiti kutoka kwa Mtume (s.a.w.). Lakini siku hizi watu wanakwenda kweli, na wengine wanakwenda kufundisha. Hata Kiswahili chetu kinasomeshwa Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing tangu miaka ya 1960, na walimu wa Tanzania na Kenya wamesimama mbele ya madarasa ya huko.

Walimu wa kigeni huko husimulia sana jambo moja: ukimya. Mwalimu anauliza, "Mnaonaje?" Kimya. Anarudia. Macho yote kwenye daftari. Basi yule aliyezoea vyuo vya Ulaya au Marekani, ambako kubishana na mwalimu ni dalili ya akili, anatoka na hukumu: hawa hawajasoma, au hawana mawazo yao. Mwisho wa muhula anawakata maksi za kushiriki darasani.

Sasa msikilize mwanafunzi. Kwake yule ni laoshi, yaani mwalimu, na humwita hivyo hata wakikutana sokoni, kama sisi tunavyosema maalim. Akikosea jibu mbele ya wenzake ameaibika. Akiuliza swali ambalo mwalimu hana jibu lake, amemwaibisha mwalimu. Wachina wana neno mianzi, maana yake uso, yaani heshima ya mtu mbele za watu. Sisi tunasema uso umeumbwa na haya, kwa hiyo tunaelewana. Basi anangoja kipindi kiishe, anamfuata mwalimu mlangoni au anamwandikia usiku kwenye WeChat, na swali lake ni zito hasa.

Hivi, hapo nani kakosa adabu?

Katika Suratul Kahf, Nabii Musa (a.s.) alipotaka kumfuata yule mja mwema ajifunze, alipewa sharti asiulize kitu mpaka aelezwe. Hapo kunyamaza ni adabu. Lakini Jibril (a.s.) alimjia Mtume (s.a.w.) mbele ya masahaba akauliza kuhusu Uislamu, imani na ihsani, ili wao wajifunze. Hapo kuuliza ndiyo somo. Yote mawili yamo katika dini yetu. Na ingieni madrasa yoyote ya hapa pwani: mtoto mbele ya maalim wake, macho chini. Mgeni akisema wale ni wazito wa akili, si tutakasirika?

Kuna atakayesema, basi waachwe kimya, ndiyo mila yao. Hapana, hilo nalo halitoshi. Kijana yule kesho atakwenda mahali ambapo asiyesema hahesabiwi. Ukimwacha hivyo umemstahi, lakini hujamfundisha. Mwalimu mwenye hekima huwapa dakika tano wazungumze wawili wawili, kisha mmoja aseme kwa niaba ya wenzake. Uso umelindwa na sauti imetoka. Na huwaeleza mapema maksi zinatolewaje, kwa sababu kumhukumu mtu kwa sheria ambayo hukumwambia ni dhulma, hata kama sheria yenyewe ni nzuri.

Suratul Hujurat inatuonya tujiepushe na dhana, na aya inayofuata inatukumbusha kuwa tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Tazama zilivyofuatana. Huwezi kumjua mtu ambaye umeshamaliza kumhukumu.

Kazi ya leo kabla ya kufuturu: mtafute mtu mmoja ambaye umemhukumu kwa ukimya wake. Mkwe, mfanyakazi wa nyumbani, mwanafunzi wako. Usimuulize mbele za watu. Kaa naye pembeni, muulize taratibu, halafu ngoja. Usimkatize.

Allah azikubali saumu zetu, na atulinde na kuwadhania waja Wake vibaya. Aamin.

Wabillahi tawfiq.