Fedha Iliyokwenda Mara Mbili

Mwisho wa mwezi mmoja nilikwenda kwa wakala wa fedha za simu, Tandika, kulipia king'amuzi. Najua kuwa siku hizi mtu hujilipia mwenyewe kwa simu yake, lakini mimi napenda kumwona ninayempa fedha yangu. Nilimkabidhi binti wa kibandani shilingi 20,000, akaandika namba ya kadi, akabonyeza. Tukasubiri. Ujumbe haukuja.

"Jaribu tena, mwanangu," nikamwambia.

Akajaribu. Punde ujumbe ukaingia, na baada yake ukaingia wa pili. Kampuni ilikuwa imepokea 40,000, na nusu yake imetoka katika mtaji wa kibanda, ambao si wa binti yule bali wa tajiri yake. Jioni hesabu isipotimia, hukatwa yeye.

"Baba, naomba unirudishie," akasema kwa adabu. Nikamjibu kwamba mimi sikuagiza miezi miwili; aidai kampuni. Jibu langu lilikuwa na mantiki, na nililibeba hadi nyumbani nikiwa nimeridhika nalo.

Kampuni nilipoipigia ilisema fedha haipotei: itahesabiwa mwezi ujao. Hapo mantiki yangu ikaanza kuchechemea. Fedha ya binti ilikuwa imekaa katika kadi yangu, ikisubiri kunionyesha mpira mwezi mzima. Sheria yetu ya Mikataba, iliyofuata mkondo wa sheria ya India ya mwaka 1872, inasema aliyelipwa kwa makosa hana budi kurudisha. Lakini aliyelipwa hapa ni nani? Fedha iko kwa kampuni, faida iko kwangu, na hasara iko kwa mtu ambaye kosa lake ni kunitii.

Mambo haya hayakuwapo zamani. Mtu alinunua televisheni na antena, akamaliza. Matangazo ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, wengi wetu tukaingia katika malipo ya kila mwezi. Na fedha za simu, zilizoanza nchini mwaka 2008, zikatuzoesha kulipa tusiowaona. Mashine ikikosea, kila mmoja huweza kusema kwa haki kabisa kwamba si yeye.

Tena kuna jambo ambalo sikumwambia mtu. Mwaka uliotangulia malipo yangu yalikwisha, chaneli zikabaki wazi siku nane. Sikuipigia kampuni simu. Niliita riziki, nikaketi kutazama. Sasa kosa lilipoelekea kuniumiza, nilitaja haki kwa sauti kubwa. Sura ya 83 ya Kurani imepewa jina la wapunjaji, wale wanaodai kipimo kamili wanapopokea na kupunguza wanapowapimia wengine. Nimeisikia ikisomwa tangu utotoni, na siku zote nilidhani inawahusu wauza mchele.

Siku ya tatu nilirudi kibandani. Nilikuwa na 10,000 tu, kwa kuwa kweli sikuwa nimepanga kulipia miezi miwili. Nikampa, nikaahidi nyingine Ijumaa, nikatimiza. Hata hivyo naona kampuni ilifaidi: ilikaa na fedha yetu siku thelathini kabla ya kuitolea huduma, bila hata kusema pole. Wapo watakaosema nilijifanya mwema, kwa kuwa ile fedha ningeilipa tu mwezi uliofuata. Ni kweli. Lakini siku zile tatu alizikopesha binti, si mimi, na hakuna aliyemwuliza kama anazo.

Aliandika jina langu katika daftari siku ile ya kwanza, chini ya wanaodaiwa, baina ya fundi baiskeli na mama mmoja wa vitumbua. Ijumaa akalikata kwa kalamu nyekundu. Sasa ujumbe ukichelewa habonyezi tena hata nikimwomba. Mara ya mwisho tulisubiri dakika ishirini, foleni ikinung'unika nyuma yangu.

"Subiri, baba," akasema.