Unapanguza Kioo, Pasta

Wiki jana laptopu yangu ilinizimikia mara tatu nikiandika mahubiri. Ilikuwa moto hata kuiweka mapajani siwezi. Nikaikemea kwa Jina la Yesu (msicheke), kisha nikaipeleka kwa fundi.

Akaizima, akafungua skrubu, akachomoa betri. "Pasta, njoo uone." Kati ya feni na vile vibati vyembamba vya kutolea joto, vumbi lilikuwa limeshikana kama blanketi. Feni inazunguka, lakini hewa moto haina pa kutokea. Nikamwambia, "Lakini kila Jumamosi naipanguza!" Akasema, "Unapanguza kioo, pasta."

Neno hilo lilinichoma. Yesu aliwaambia Mafarisayo habari ya kikombe kilichosafishwa nje tu, nami andiko hilo nimelihubiri mara ngapi!

Fundi alishika feni kwa kidole isizunguke, akapuliza vumbi, akasugua kwa brashi polepole. Mimi nilikuwa namfikiria kaka yangu. Tangu tumzike mama, miaka minne sasa, hatuongei kwa sababu ya shamba. Madhabahuni nanena kwa lugha, nyumbani jina lake halitajwi. Na anayeungua na hilo joto ni mke wangu na watoto.

Jioni ile nilimpigia. Hakushika simu. Jana nikapiga tena, akashika, akanyamaza, hakukata. Nikamwambia nitakuja Jumamosi. Tuombeeni.