Mvua Isiwadanganye

Wajukuu zangu mlioshika majembe mwaka huu, nina neno moja kwenu, na naomba mlisikilize hadi mwisho hata kama litawauma. Hapa Rungwe mvua imetudekeza. Ziko sehemu za wilaya hii zinazopata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Machi na Aprili, ukitoka Tukuyu kupanda Mwakaleli, hupati pakavu pa kukanyaga. Mtoto aliyekulia hapa haamini kwamba chemchemi inaweza kukauka, kwa hiyo akiambiwa aiache miti ya bondeni huona wazee wanamwonea wivu wa shamba.

Jifunzeni kuyapima maji mwezi wa Oktoba. Hapo ndipo mtajua kijiji kina maji au kina mvua tu. Udongo wetu umetokana na majivu ya volkano za Rungwe, Ngozi na Kyejo. Ni laini, una rutuba na unanyonya maji kwa pupa, lakini ukiuvua nguo yake hubebwa na mvua ya kwanza. Penye msitu, majani hulipunguza nguvu tone la mvua, mboji huyapokea maji, mizizi huyapeleka chini, nayo hutoka kidogo kidogo kwenye chemchemi miezi yote ya kiangazi. Huko juu miti hukamata hata ukungu na kuudondosha chini. Pakishakatwa, maji yaleyale hushuka kwa siku moja, mekundu, yamebeba shamba lako.

Nendeni mkaone Ziwa Ngozi. Najua wengi wenu mmepita Isongole mara nyingi mkiwa kwenye basi la Mbeya, na hamjapanda hata siku moja, wakati wageni wanatoka Ulaya kuja kuliona. Ziwa lile lina urefu wa kilometa mbili na nusu hivi, limekaa ndani ya kreta, limezungukwa na kuta zilizovaa msitu, na hakuna mto unaotoka ndani yake. Maana yake ni kwamba kila kinachoangukia humo hubaki humo. Ziwa la namna hiyo halina pa kutapikia uchafu. Afya yake yote iko kwenye ule mzunguko wa miti juu yake, na anayechanja kuni au kuchoma mkaa kwenye ukingo ule anaingiza mkono ndani ya ziwa lenyewe.

Ziwa Masoko nalo ni hivyohivyo. Wengi mnalijua kwa hadithi za fedha za Wajerumani zilizotupwa humo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mimi hazina ninayotaka muifikirie ni tope lake. Watafiti walitoboa tope lile chini ya maji, wakalisoma tabaka kwa tabaka, wakapata humo chavua ya mimea ya miaka 45,000 iliyopita: lini misitu ilitanda, lini ukame ulikuja. Ziwa linaandika. Mwaka huu nao unaandikwa, na mkono unaouandika ni wetu sisi tunaolima miteremko yake.

Msidhani kulinda misitu kuliletwa na wataalamu wa magari meupe. Wanyakyusa walikuwa na vichaka vitakatifu walimozikwa machifu, na humo hakuna aliyethubutu kukata hata fito. Lubaga, hapa karibu na Tukuyu, watu walikwenda kuomba mvua. Wazee wale hawakuwa na vipimo, lakini walijua kwamba kuna ardhi ambayo binadamu hapaswi kuigusa ili ardhi nyingine impe chakula. Mkienda kanisani Jumapili sawa, mimi pia naenda. Ila heshima ile kwa mti msiitupe pamoja na matambiko.

Hata yule nyani aitwaye kipunji walimjua wao kwanza. Mwaka 2003 watafiti walimwona nyani yule kwenye msitu wa Mlima Rungwe, na mwaka 2005 dunia ikatangaziwa kuwa ni mnyama asiyewahi kuandikwa na sayansi. Lakini waliokuwa wamewasimulia habari zake ni wawindaji wa vijiji vya hapahapa. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilionyesha wamebaki 1,117 tu duniani kote, wengi wao Rungwe na Livingstone ndani ya Kitulo. Mwaka uliofuata msitu wa Mlima Rungwe ukapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Tangu hapo vijiji vya pembezoni vimeotesha miche kwenye vitalu, vimepanda miti ya asili, vimetundika mizinga ya nyuki. Ni kazi ya watu wa kawaida, wengi wao akina mama, na hawajaifanya kwa posho kubwa. Nawaheshimu sana.

Sasa niseme juu ya parachichi. Mmoja wenu aliniuliza, “Babu, mita 60 kutoka mtoni ni ekari yangu nzima. Nile nini?” Swali hilo ni la haki, na hesabu yake ni kweli: shamba linalogusa mto kwa mita 70 tu linapoteza ekari moja na kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, imeweka mita hizo, na haikuuliza nani ana shamba dogo. Kwa hiyo sikuambii ni jambo rahisi. Nakuambia parachichi haihitaji kuota miguuni mwa mto. Ipandishe juu, chimba makingamaji ukifuata usawa wa mteremko, nayo itazaa. Ukanda wa mto uweke mivengi na mikuyu. Kijiji kikikubali, tundika mizinga humo. Vinyungu, zile bustani za kiangazi za bondeni, visogezwe. Na ile milingoti, yaani mikaratusi, iliyopandwa juu ya chemchemi kwa ajili ya nguzo, ing'oeni. Mti ule unakunywa bila kuacha, na bei ya nguzo haitanunua chemchemi nyingine.

Kumbukeni mnalinda maji ya nani. Mto Kiwira na Mto Mbaka inashuka Kyela, kwa wajomba na shangazi zetu, kwenye mashamba yao ya mpunga, kisha Ziwa Nyasa. Samaki aina ya mbasa hupanda mito hiyo wakati wa mvua kutaga kwenye changarawe safi. Tope la Rungwe likiifunika changarawe, mayai hufa, na mvuvi wa Kyela anarudi na nyavu tupu bila kujua kwamba aliyemnyima samaki ni ndugu yake wa mlimani. Mafuriko yanayoingia nyumbani kwao nayo yanaanzia kwetu. Na sasa maji ya Kiwira yanatakiwa na Jiji la Mbeya pia. Tumekuwa walinzi wa watu wengi kuliko tunavyojijua.

Msingoje Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Nyasa ije kuwalindia kijito chenu, ingawa ofisi yake iko hapahapa Tukuyu. Maofisa ni wachache na mabonde ni mengi. Sheria ya maji ya mwaka 2009 inawaruhusu kuunda jumuiya ya watumia maji, yenye viongozi wenu wenyewe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake. Sheria ndogo nazo hutungwa kijijini kabla halmashauri haijazipitisha. Mahali pa kuyaanzisha mazungumzo hayo ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, na huko ndiko siwaoni. Mnaonekana kwenye kijiwe cha bodaboda.

Mkutano ujao hudhurieni. Ombeni kusomewa sheria ndogo za mazingira za kijiji. Ulizeni nani yumo kwenye kamati ya mazingira, na kama nafasi ziko wazi jitokezeni wawili au watatu, wasichana wakiwemo, maana wao ndio wanaojua kisima kipi kimepungua. Kisha twendeni pamoja na kamba ya mita 60, tuanzie kwenye shamba langu, tukapige vigingi.