Somo la 6: Neno Lisiloghoshiwa

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Matendo 18:1–28, 1 Wakorintho 2:1–5, 9:12–27, 2 Wakorintho 2:17.

Fungu la kukariri: 2 Wakorintho 4:5.

Paulo alipoingia Korintho alikuta mji unaopenda wasemaji. Warumi waliuharibu mwaka 146 K.K., kisha ukaanzishwa upya kwa agizo la Julius Caesar mwaka 44 K.K., ukatajirika kwa bandari zake mbili. Mnenaji hodari alisifiwa kama mwanariadha, na wenye mali walilipa ili wafundishwe naye. Hapo Paulo alikaa mwaka mmoja na miezi sita (Matendo 18:11). Maandishi ya jiwe yaliyopatikana Delphi, yanayomtaja liwali Galio, yanasaidia kuiweka huduma hiyo karibu na mwaka 51 B.K.

Mahubiri yanaweza kusikika vizuri, kanisa zima likasema “Amina,” na bado yasiwe ya kweli. Ni nini, basi, kinachoyafanya yawe ya kweli?

JUMAPILI: Mpiga Mbiu

Soma 1 Wakorintho 2:1–5. Paulo aliamua nini kabla ya kuhubiri Korintho?

Neno la Kigiriki analolitumia Paulo kwa kuhubiri linatokana na kazi ya mpiga mbiu. Huyo alitumwa na mtawala kutangaza amri mbele ya watu. Sauti ilikuwa yake, lakini maneno hayakuwa yake. Hakuwa na ruhusa ya kupunguza kodi kwa sababu watu wamenuna, wala ya kuongeza amri ili yeye aonekane mkubwa.

Paulo hakushindwa kujenga hoja. Kila Sabato alihojiana na watu katika sinagogi (Matendo 18:4). Lakini kiini cha ujumbe wake kilikuwa Kristo aliyesulibiwa. Kwa Warumi, msalaba ulikuwa kifo cha watumwa na waasi. Katika mji wa sifa, Paulo alitangaza jambo ambalo halikumletea sifa.

JUMATATU: Divai Iliyotiwa Maji

Soma 2 Wakorintho 2:17. Paulo anakanusha nini kuhusu huduma yake?

Kitenzi alichotumia kilihusu wachuuzi, na wauza divai walijulikana kwa kuongeza maji ili mtungi mmoja ujaze vikombe vingi. Mnunuzi wa maziwa anaelewa jambo hili bila kufafanuliwa. Maziwa yaliyotiwa maji bado ni meupe, bado yanaitwa maziwa, na mtoto anayeyanywa haugui siku hiyo. Anadhoofika taratibu.

Ndivyo yalivyo mahubiri yaliyoghoshiwa. Biblia inafunguliwa, fungu linasomwa, kisha Biblia inafungwa na msemaji anaendelea na yake. Ahadi zinatajwa, toba inaachwa. Au hukumu inahubiriwa na neema inaachwa, kwa kuwa ukali nao una mashabiki wake.

JUMANNE: Mikono Inayoshona Mahema

Soma Matendo 18:1–3 na 1 Wakorintho 9:12–18. Kwa nini Paulo hakuitumia haki yake Korintho?

Paulo alifundisha wazi kwamba wahubirio Injili wana haki ya kutunzwa kwa kazi hiyo (1 Wakorintho 9:14). Hata hivyo, Korintho alifanya kazi ya mahema pamoja na Akila na Prisila, na alipopungukiwa alisaidiwa na ndugu waliotoka Makedonia (2 Wakorintho 11:9). Basi fedha yenyewe haikuwa kosa. Alichokilinda ni Injili isizuiliwe na kitu chochote.

Fikiria mzee wa kanisa aliyepangiwa kuhubiri Sabato ambayo mfadhili mkubwa wa jengo jipya atakuwepo. Fungu aliloandaa ni Yakobo 5:4, juu ya mshahara wa vibarua uliozuiliwa, na vibarua wa mfadhili huyo huketi viti vya nyuma. Hakuna atakayemwambia abadilishe fungu. Atalibadilisha mwenyewe, kimya kimya, Ijumaa jioni. Uaminifu wa mahubiri mara nyingi huamuliwa saa hiyo, kabla ya mtu kupanda mimbarani.

Wala mimbari isigeuzwe rungu la kumpigia mtu mmoja. Kosa la ndugu lina njia yake (Mathayo 18:15). Fungu na lisemwe lilivyo, kwa wote, kuanzia kwa msemaji.

JUMATANO: Mhubiri Naye Anakimbia

Soma 1 Wakorintho 9:24–27. Paulo anahofia nini juu yake mwenyewe?

Wakorintho waliifahamu michezo ya Isthmia, iliyofanyika karibu na mji wao kila baada ya miaka miwili. Mpiga mbiu aliwaita wanariadha na kutangaza washindi, lakini kazi yake haikuwa kukimbia. Paulo anajiona kuwa vyote viwili: anapiga mbiu, naye yumo mbioni. Neno analowatangazia wengine linaweza kumkataa yeye.

Anayehubiri upole ana mashahidi nyumbani kwake. Mke na watoto husikia mahubiri mawili: lile la Sabato asubuhi, na lile la Jumatatu chakula kinapochelewa.

ALHAMISI: Apolo Anafundishwa

Soma Matendo 18:24–28. Prisila na Akila walimsaidiaje Apolo?

Apolo alikuwa msemaji hodari aliyeyajua Maandiko, na Biblia haimlaumu kwa ufasaha wake. Lakini alijua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila, mafundi wa mahema, walimsikia sinagogini. Hawakumkatiza wala kumsema pembeni. Walimchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Naye alikubali. Kisha akaenda Akaya, akawafaa sana walioamini.

Hapa ndipo mahubiri ya kweli yanapopimika. Msemaji anayejua kwamba Neno ni la Mungu hawezi kulionea aibu sahihisho, hata likitoka kwa fundi.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma 1 Wakorintho 1:10–13, 3:4–9. Wakorintho waligeuza watumishi wawili waaminifu kuwa timu mbili. Wasikilizaji nao wanaweza kulighoshi Neno, wakidai vionjo vyao tu. Watu wa Beroya walipokea kwa moyo, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku (Matendo 17:11). Kanisa linalochunguza hivyo humsaidia mhubiri wake kuwa mwaminifu.

Maswali ya Kujadili

1. Mzee wa kanisa katika somo la Jumanne afanye nini? Nanyi, kama washiriki wake, mngemsaidiaje?

2. Ni fungu gani ambalo kanisa lenu halijalisikia likihubiriwa kwa muda mrefu? Kwa nini?

3. Mhubiri akikosea fundisho, darasa lenu hufanya nini kwa kawaida? Linganisheni na Prisila na Akila.