Je, Muziki Usio na Maneno Unaweza Kuomba?
Mwaka 1700 Johann Kuhnau, mpiga kinanda wa kanisa la Mtakatifu Thomas mjini Leipzig, alichapisha sonata sita zinazosimulia habari za Biblia. Ya kwanza inahusu Daudi na Goliathi. Waisraeli wanapotetemeka mbele ya jitu lile, sauti zilezile zinarudiwarudiwa bila kupumzika, na juu yake unapita taratibu wimbo wa toba wa Martin Luther. Kwenye hapsikodi, kinanda cha nyuzi kinachoweza kupigia sonata hizi, kubonyeza kwa nguvu hakuongezi ukubwa wa sauti. Hofu yote inajengwa kwa marudio tu. Hakuna anayeimba, lakini nashikilia kwamba hiyo ni sala, wala si picha ya sala.

Atakayepinga atasema Kuhnau mwenyewe aliambatanisha maelezo. Bila hayo, nani angemtambua Goliathi? Ni kweli. Jiwe la kombeo, linalorushwa kwa noti za mbio, lingeweza kuwa ndege. Hoja hiyo, hata hivyo, inagusa masimulizi tu. Walutheri wa Leipzig waliujua wimbo ule, uliotokana na Zaburi ya 130. Ulipopigwa, maneno yaliwajia yenyewe, wakaweza kuyaomba kimoyomoyo. Swali gumu zaidi ni la msikilizaji asiyeujua. Huyo hasikii toba wala fundisho. Anasikia hofu, na utulivu unaotembea juu yake bila kuvunjika. Paulo, akiwaandikia Warumi, alikuhesabu hata kuugua kusikotamkika kuwa maombi, nami sioni kwa nini kinanda kinyimwe nafasi hiyo.