Mpatanishi na Mgeni Wake

Mkazi wa Chepkoilel hahitaji kusimuliwa machungu ya raia vitani. Januari 1, 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, hapo karibu, Kiambaa, kanisa lilichomwa moto huku ndani mkiwa na wakimbizi, wengi wao wanawake na watoto. Uwanja wa maonyesho wa Eldoret ukajaa mahema. Mwezi huohuo Kofi Annan akaja Kenya, akazuru Bonde la Ufa na kujionea hali ya waliofukuzwa makwao, kisha mazungumzo rasmi yakaanza. Februari 28 mkataba ukatiwa saini.

Anayekuja kupatanisha huanza na aliyeumia. Akimtanguliza aliyeumiza, hata maneno yake mazuri hutiliwa shaka.

Vita vya Sudan vilizuka Aprili 15, 2023, kati ya jeshi la Jenerali Burhan na kikosi cha RSF cha Mohamed Hamdan Dagalo. Januari 2024 Rais William Ruto, mwana wa Sugoi katika kaunti hii yetu, alimpokea Dagalo Nairobi. Februari 2025 RSF na washirika wake walikutana katika jumba la mikutano la KICC jijini Nairobi, na kabla mwezi kwisha wakatia saini hati ya kuunda serikali yao. Serikali ya Kenya ilisema imetoa ukumbi tu, kwa nia ya amani. Siku zizo hizo RSF walikuwa wameuzingira mji wa El Fasher huko Darfur, na kambi ya Zamzam iliyo jirani ilikuwa imetangazwa kuwa na baa la njaa tangu Agosti 2024. Aprili 2025 wakaivamia kambi hiyo. Oktoba 26 mji ukaanguka.

Ni kweli, hakuna amani bila kuzungumza na mwenye bunduki. Anayeua ndiye awezaye kuacha kuua. Lakini kumsikiliza mtu faraghani si sawa na kumtandikia jamvi hadharani. Jenerali Lazaro Sumbeiywo, mzaliwa wa Keiyo hapa jirani, aliyekuwa mpatanishi wa Kenya katika vita vya awali vya Sudan, alizungumza na wenye silaha miaka mingi. Katika itifaki ya Machakos ya Julai 2002, na hata katika mkataba wa Nairobi wa Januari 9, 2005, serikali ya Khartoum na waasi wa SPLM wote walikuwepo. Hakuna aliyesaini peke yake na marafiki zake. Ndiyo maana neno la Kenya lilikuwa na uzito wakati ule: lilitoka kwa mtu ambaye pande zote mbili zilimwamini, hata zilipomkasirikia.

Heshima ya mpatanishi hujengwa kwa miaka na kubomoka kwa kikao kimoja. Baada ya kikao cha KICC, serikali ya Sudan ilimwita balozi wake nyumbani, na Machi ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo. Mkulima wa majani chai hakuwa na sauti katika uamuzi wa kukaribisha wageni wale, ila hasara ilimfikia yeye. Mkubwa akikosea mlangoni, mdogo hulipa shambani.

Kenya bado inaweza kusikilizwa. Kakuma imepokea Wasudani tangu 1992, na waliokimbia vita hivi wapo nchini. Hao ndio wa kuitwa KICC kwanza, waeleze mbele ya kamera walichokiona Darfur, Rais akiwa ameketi akisikiliza, kabla jenerali yeyote hajatumiwa mwaliko mwingine.